Muulize Somo: Mbele Yangu Kasimama Mtu

Mwezi huu meza yangu imejaa barua za viti. Sijui umevuma upepo gani, maana kwa kawaida mnaniuliza habari za mawifi na mikopo. Nimechagua nne. Ya kwanza ndefu na jibu lake refu, zilizobaki nitazipitia kwa kadiri zinavyostahili.

Mama haoni

*Somo, assalaam alaykum. Mimi ni mtoto wa Mlandege, naishi London na mume wangu. Mama alikuja kututembelea, na kwa kuwa tangu tuko wadogo yeye ndiye aliyekuwa akizipenda nyimbo za Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, kuliko sisi wanawe, tukamnunulia tiketi ya tamasha la roki, bendi inayopiga nyimbo za Queen. Ukumbi mkubwa. Chini watu wanasimama, juu kuna viti vya namba. Tulichagua juu kwa makusudi, kwani mama magoti yanamsumbua, kusimama wimbo mmoja kwake ni kazi. Taa zilipozimwa tu, vijana wanne waliokuwa mbele yetu wakainuka, na hawakukaa tena mpaka mwisho. Kushoto kwao watu wamekaa, kulia wamekaa, na mbele yao pia wamekaa. Nikamgusa mmoja bega, nikamwambia mama haoni. Akanijibu, "Hapa ni roki, si mazikoni." Mume wangu, badala ya kunitetea, ananiambia kijana kasema kweli, roki ni ya kusimama. Mama hakulalamika. Lakini tulipofika nyumbani akatueleza mfuko wa nyuma wa suruali ya yule kijana ulivyokuwa, mshono wake na kibandiko chake, kwa sababu ndicho alichokitazama usiku kucha. Nani ana haki?*

Waalaykum salaam, mwanangu. Kwanza mpe mama mkono wangu. Mwambie asione haya kwenda kwenye roki na umri wake. Freddie alizaliwa hapa hapa mjini Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na wazee wake hawakuhama mpaka 1964. Mama yako kaenda kusikiliza nyimbo za mtoto wa jirani.

Haya, hukumu. Kijana ana haki ya kupenda kusimama. Hana haki ya kusimama pale. Na lile neno lake la mazikoni halimo katika haki yoyote, ni utovu wa adabu mtupu, hata angelisema akiwa amekaa.

Ngoja nikueleze hukumu hii naitoa wapi, maana mumeo atataka kujua.

Mie ni mtu wa taarab. Nimekaa mlangoni ukumbi wa Salama, Bwawani, enzi zake, nachana tiketi na kuwapeleka watu kwenye viti vyao, na ukikaa mlangoni unaiona migongo ya ukumbi mzima. Mwanamke akitaka kuinuka unamjua kabla hajainuka. Kwanza mkoba anampa mwenzake. Halafu anavuta buibui, anatazama kulia, anatazama kushoto, ndipo anasimama. Noti kaishika kwa ncha za vidole viwili, kaiinua juu ya bega ili yule ubeti unaomhusu aione vizuri. Anatoka kwenye safu, anakwenda mbele kwa maringo, hatua mbili anatulia, hatua mbili anatulia, na kama ana lake na mtu, basi njia yake lazima ipite mbele ya kiti cha mtu huyo. Akifika anaitia noti mkononi mwa mwimbaji, naye anaipokea bila kukata neno. Kisha mwenyewe anazunguka pembeni, anarudi, anakaa, anachukua mkoba wake.

Hiyo ndiyo kutunza, na wewe wa Mlandege huhitaji kufundishwa. Nilichotaka ukione ni hiki: kwenye taarab, anayeinuka ana safari. Anakuziba kwa nukta chache, anapita, unamwona mwimbaji tena. Hakuna anayesimama papo hapo kwenye kiti chake kama mnazi. Vikundi vyetu vya taarab, Nadi Ikhwan Safaa iliyopo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, vimezaa wapigaji na wasikilizaji wa kila namna, wakorofi wamo, walevi wa mapenzi wamo, na bado hilo la kusimama au kukaa halikuwa kesi, kwa sababu kuinuka na kwenda ni kitu kimoja.

Roki haina safari hiyo. Mpenzi wa roki hawezi kutoka kwenye kiti chake akampelekea mpiga gitaa shilingi 5,000 mkononi. Walinzi watamrudisha akiwa hewani. Basi furaha inambakia miguuni, anainuka alipo. Sikatai. Muziki wenyewe ulitengenezwa uwainue watu. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, ameeleza kwamba ule wimbo wao wa 1977, "We Will Rock You", wa kukanyaga mara mbili na kupiga kofi moja aliutunga akiwafikiria watu waliobanana, wasio na nafasi ya kufanya kingine chochote isipokuwa kukanyaga, kupiga makofi na kuimba. Sasa nakuuliza wewe na mumeo: kukanyaga mara mbili na kupiga kofi moja, kuna lipi hapo lisilowezekana mtu akiwa amekaa? Mie nimejaribu jikoni, juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Linawezekana, na sufuria zinaitikia.

Mumeo anasema roki ni ya kusimama. Kasema nusu. Roki ina mahali pake pa kusimama. Siku ile Queen walipopiga Wembley, tarehe 13 Julai 1985, watu wapatao 72,000, wale waliokuwa kwenye nyasi mbele ya jukwaa walisimama, na hakuna aliyewaambia wakae, kwa sababu nyasi zile hazikuwa na viti. Na si roki peke yake. Mko London, kiangazi mpeleke mumeo Royal Albert Hall wakati wa Proms. Ule ni muziki wa okestra, fidla kwa wingi, na watu waliotulia. Lakini katikati ya ukumbi, chini ya pua ya wapigaji, viti hakuna. Watu wanasimama mwanzo mpaka mwisho, kwa tiketi ya bei nafuu, na kimya kabisa. Wenye viti wamewazunguka pande zote. Anayetaka kusimama ananunua kusimama, anayetaka kukaa ananunua kukaa, na hakuna anayemwita mwenzake mfiwa.

Wale vijana wanne walikuwa na nafasi ya kununua chini. Wakanunua juu, ambako watu wananunua kukaa, kisha wakayafanya ya chini. Hapo ndipo walipokosea.

Wapo watakaosema, basi wangetoka kwenye safu wakasimame ujiani, kwenye ile njia baina ya viti. Hilo nalikataa kwa mikono miwili. Tarehe 3 Desemba 1979, mjini Cincinnati, Marekani, watu 11 walikufa katika msongamano milangoni wakingojea kuingia kwenye tamasha la bendi ya roki ya The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti, anayewahi ndiye anayekaa mbele, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Mji ule ukapiga marufuku mtindo huo wa tiketi, na marufuku ikadumu mpaka 2004. Namba ya kiti basi si pambo, na njia si ukumbi wa ziada. Njia ni ya kutokea. Mie pale mlangoni nilikuwa mkali kwa aliyesimama njiani kuliko kwa aliyeingia bila tiketi, na wengine mpaka leo tukikutana Darajani hawanisalimu.

Sasa lipo jambo ambalo aliyekaa nyuma kwa kawaida halioni, na ni haki nimsemee hata kijana. Macho ya mtu mzima aliyekaa kitini yako kama sentimita 120 kutoka chini. Kichwa cha aliyesimama mbele yake kinapita 160. Basi akisimama mmoja safu ya kwanza, wa safu ya pili atasimama naye, wala si kwa raha, analitafuta jukwaa. Wa tatu atasimama kwa sababu ya wa pili. Inapanda hivyo safu kwa safu mpaka kwenye paa, na mwisho ukumbi mzima umesimama na hakuna hata mmoja anayeona zaidi ya alivyokuwa akiona walipokuwa wamekaa wote, isipokuwa miguu inauma. Kwa hiyo kabla hujamlaumu aliye mbele yako, mtazame aliye mbele yake. Pengine naye kazibwa. Lakini wewe umeandika vizuri, mbele ya wale vijana watu walikuwa wamekaa. Hawakusukumwa na mtu. Wao ndio mwanzo wa ugonjwa.

Ungeniandikia kwamba ukumbi wote umeinuka, ule wimbo wa mwisho ambao hata wauza soda wanauimba, ningekwambia huna kesi. Hapo unamshika mama mkono anasimama nusu wimbo, au anakaa anasikiliza, na unavumilia. Kila tamasha la roki lina nyimbo mbili tatu za namna hiyo, na ukinunua tiketi umezinunua na hizo. Usiku mzima, hapana.

Tuje kwenye la kufanya siku nyingine. Usimguse mtu bega katikati ya wimbo. Hapo yuko mbali, na ukimrudisha ghafla atarudi na ukali. Ngoja wimbo uishe, watu wanapiga makofi, inama usawa wa sikio lake, na usimtajie kanuni wala tiketi. Mtajie mama. "Mama yangu katoka Zanzibar, magoti mabovu, hawezi kusimama." Halafu muombe kidogo: nyimbo za mbio simameni, za taratibu mtukalie. Kijana ukimwomba nusu hukupa. Ukimwomba yote hutafuta mzaha wa kukujibu, na wewe mzaha wako uliupata.

Akikataa, usibishane, mziki wa juu hivyo mtaishia kutukanana kwa ishara. Mwendee mhudumu wa ukumbi. Na usimwambie "mkalishe yule." Mwambie "mama hawezi kusimama, una mahali pengine?" Kumkalisha kijana aliyechangamka ni ugomvi, kumhamisha mama ni dakika mbili, na mhudumu yeyote mwenye akili atachagua la dakika mbili.

Bora kuliko yote hayo, pigeni simu ukumbini kabla ya kununua. Kumbi kubwa za Uingereza hutenga viti kwa ajili ya watu wasioweza kusimama, wala si lazima mtu awe kwenye kiti cha magurudumu. Magoti ni sababu tosha. Vikiwa vimekwisha, chukueni safu ya kwanza kabisa ya ghorofa, ambako mbele ni hewa. Ila ulizeni kwanza kuhusu ile reli ya kuzuia watu wasianguke, maana mtu mfupi humkata macho. Au kiti cha mwisho wa safu, kando ya njia. Mama akiegemea kidogo upande, jukwaa analipata.

Na mumeo sasa. Mwanamume ana magoti mazima, anaamini kwa dhati kwamba roki ni ya kusimama, na mkwewe kakaa pale anatazama mfuko wa suruali. Badala ya kujifanya kadhi, angempisha. Yeye aende nyuma ya ukumbi kunakoruhusiwa kusimama, asimame atosheke, na mama ahamie kiti chake, huenda kingemwangukia baina ya vijana wawili akapata pengo. Muulize kwa nini hakufanya hivyo. Kisha niandikie alivyojibu. Napenda sana majibu ya waume.

Mkeka mbele ya spika

*Shikamoo Somo. Mimi kijana wa Kwahani. Nilikwenda Ngome Kongwe usiku wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, nikawa nacheza kwenye nyasi karibu na jukwaa. Mzee mmoja na familia yake walikuwa wametandika mkeka nyuma yangu, akaniita, "Kijana, kaa chini, unatuziba." Nikakaa kwa heshima. Bendi ilikuwa ya ngoma nzito kweli kweli, na mie nimekunja miguu natikisa kichwa tu. Nilifanya sawa? Ningekataa ningeonekana sina adabu?*

Marahaba mwanangu. Ulifanya la adabu, na mzee hakuwa na haki ya kukutaka ulifanye. Yote mawili yanakaa pamoja bila taabu.

Angalia, nimetoka kumtetea mama wa Mlandege aliyezibwa akiwa kwenye kiti cha namba. Mzee wako hakuwa na kiti cha namba. Alikuwa na mkeka wake mwenyewe, kautandika mahali ambapo watu wanacheza, halafu akataka wachezaji wawe wageni wake. Mila zetu humpa mzee kiti, tena cha mbele. Hazimpi uwanja.

Ngome ile waliijenga Waomani walipomtoa Mreno, mwishoni mwa karne ya 17, wala hawakuwa na habari ya ngoma nzito. Nyasi zake ni tambarare. Mahali tambarare aliyekaa chini kabisa hawezi kuona juu ya mtu yeyote, hata mtoto aliyesimama humziba. Sasa mkeka mmoja ukitaka kuona, watu mia walio mbele yake inabidi wakae, na bendi iliyotoka mbali ipige ngoma kwa watu waliokunja miguu. Sauti za Busara imeanza 2004, na toka mwanzo watu wamekuwa wakicheza chini pale mbele. Anayependa kukaa zipo zile ngazi za mawe za nusu duara, na zipo pembeni.

Ungemjibu hivi, kwa sauti ya chini na mkono kifuani: "Shikamoo mzee. Hapa ndipo panapochezwa, watakukanyagieni watoto. Niruhusu niwasogezeeni mkeka pale kando, mtaona vizuri zaidi." Na hapo hapo uinamishe mgongo, ushike pembe ya mkeka, ubebe na birika la kahawa. Mzee ukimbebea vitu vyake hana la kusema. Pale kando ataona jukwaa kwa mshazari, masikio yake yatapona na spika, na upepo wa baharini utamletea harufu ya mishikaki ya Forodhani. Atakushukuru kabla wimbo haujaisha.

Lakini nawe, siku ukichoka ukaenda kukaa kwenye zile ngazi za mawe, mambo yanageuka. Pale ni pa kukaa. Wimbo ukikuzidi nguvu ukainuka, simama pale pale miguu yako ilipo, usipande juu ya jiwe ulilokuwa umelikalia. Aliye nyuma yako kakaa juu kidogo yako. Ukisimama chini bado ana pengo la kuchungulia, ukipanda juu ya jiwe umemfungia dirisha yeye na wa nyuma yake. Nimewaona vijana wa kila taifa wakilifanya hilo, wenye rangi zote za nywele. Ukitaka kucheza, shuka nyasini. Ndiyo ile safari niliyokuwa nikiisema.

Kaka na kiti chake

*Somo, nakuandikia kutoka Chake Chake. Kaka yangu anatembelea kiti cha magurudumu tangu ajali ya bodaboda. Kukiwa na muziki uwanjani tunampeleka mapema, na waandaaji kwa nia njema humpa mahali mbele kabisa. Wimbo wa pili tu, watu wameshamiminika mbele yake kucheza na kutunza, anabaki kutazama migongo. Huniambia twende nyumbani, nami roho inaniuma. Tuwaambie nini watu?*

Watu msiwaambie kitu. Waliokuja mbele wamekuja kufanya la mbele. Waambieni waandaaji, tena mchana, wakati nguzo za jukwaa bado zinafungwa na mtu ana nyundo mkononi.

Ile nia njema ya kumweka mbele ndiyo inayomwumiza. Mbele ni chini, na mbele ndiko kila mtu anakoelekea. Kaka hahitaji mbele, anahitaji kimo. Wamarekani katika kanuni zao za majengo za mwaka 2010 wameliandika hilo waziwazi: ukumbi ambao watazamaji wanatarajiwa kusimama, mwenye kiti cha magurudumu awekwe mahali ambapo ataona juu ya vichwa vya waliosimama mbele yake, na mwenziwe apate pa kukaa kando yake.

Kwa hapo Chake hakuhitaji zege. Ni jukwaa dogo la mbao, fundi anayejenga majukwaa ya harusi ataliona ni jambo la asubuhi moja. Urefu wa sentimita 60 unatosha. Macho ya kaka akiwa kitini yako karibu na zile sentimita 120 nilizomtajia dada wa London. Ongeza 60, yuko 180, anapita kichwa cha karibu kila mtu wa Pemba isipokuwa wale wa mpira wa kikapu. Mteremko wa kupandia usiwe mkali: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, 12 za kwenda mbele. Kwa hiyo sentimita 60 zinataka mteremko wa mita 7 na kidogo. Najua ni mrefu, na fundi atataka kuufupisha. Asikubaliwe, maana utakayesukuma ni wewe. Ubao wa ukingo uwekwe pande zote ili gurudumu lisitoke, na jukwaa liwe pembeni ya uwanja, usawa wa katikati, mahali ambapo njia ya wanaokwenda kutunza haipiti.

Na pesa ya kutunza? Ampe mtoto mmoja ampelekee, na jina lake litajwe kwenye maikrofoni. Ukubwa wa jina lililotajwa mnaujua wenyewe huko.

Waandaaji wakisema mbao hawana, waulizeni jukwaa la wageni rasmi limetoka wapi. Lile lipo siku zote, lina zulia, na nusu ya viti vyake huwa vitupu mpaka saa nne usiku.

Kilemba

*Somo, mie sina shida na waliosimama. Kwenye taarab za harusi aliye mbele yangu huwa kakaa vizuri tu, ila kilemba chake ndicho kilichosimama. Nifanye nini? Msomaji wako, Mkunazini.*

Hama. Kilemba kile kimefungwa saa nzima na mtu aliyelipwa, kina pini ambazo hata mwenyewe hazijui zilipo, hakifunguki kwa ajili yako wala kwa ajili ya bwana harusi. Ngoja ainuke kwenda kutunza, wewe uhamie kiti cha tatu kutoka chake, ukae kwa mshazari.

Mtu wa kumsemesha ni yule wa kando yake, aliyeinua simu kwa mikono miwili tangu bashrafu, ule muziki wa ufunguzi usio na maneno. Huyo mwambie, kwa upole, arekodi simu ikiwa usawa wa kidevu. Video itatoka vile vile.